Vladimír Weiss: Kiungo wa Bratislava Aliyeing'oa Italia Kombe la Dunia

Vladimír Weiss alizaliwa Bratislava tarehe 22 Septemba 1964, wakati mji huo ulikuwa bado ndani ya Chekoslovakia. Jina hilo lina wenyewe watatu katika ukoo mmoja. Baba yake, naye Vladimír Weiss, alikuwa beki wa timu iliyokwenda Olimpiki ya Tokyo mwezi uliofuata na kurudi na medali ya fedha. Katika fainali waliyofungwa 2-1 na Hungaria, bao moja alijifunga mwenyewe. Wa tatu ni mwanawe, aliyezaliwa 1989, winga aliyelelewa kisoka Manchester City. Habari hii ni ya yule wa katikati, ingawa baba na mwana hawako mbali nayo.

Uwanjani alikuwa kiungo, na sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji aliitumia Inter Bratislava. Alikuwemo katika kikosi cha Chekoslovakia kilichofika robo fainali ya Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Nchi ilipogawanyika Januari 1993, wachezaji wa rika lake walijikuta na timu mbili za taifa katika kumbukumbu zao: Weiss alichezea Chekoslovakia mechi 19 na Slovakia 12. Alipita pia Sparta Prague, Dunajská Streda, Drnovice na Košice kabla ya kutua Artmedia. Ni rekodi ya kuheshimika, lakini si ya kuandikiwa vitabu. Jina lake lilikuja kukua baada ya kutundika daluga.

Artmedia ilikuwa klabu ya Petržalka, mtaa mkubwa wa maghorofa upande wa kulia wa mto Danube, ng'ambo ya Bratislava ya kale. Klabu iliasisiwa 1892, lakini kwa miongo mingi iliishi kivulini mwa Slovan na Inter. Chini ya Weiss, sasa akiwa kocha, ilitwaa Kombe la Slovakia 2004, na mwaka uliofuata ikachukua ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza. Ubingwa huo ukaifungulia mlango wa mechi za mchujo za Ligi ya Mabingwa, ambako ilipangiwa Celtic ya Uskoti.

Mechi ya kwanza ilichezwa Bratislava tarehe 27 Julai 2005. Celtic ilikuwa na kocha mpya, Gordon Strachan, na hiyo ndiyo mechi yake ya kwanza ya mashindano. Artmedia ilishinda 5-0, matatu yakiwa ya mshambuliaji Juraj Halenár. Marudiano mjini Glasgow yakawa kinyume chake: Celtic ilipiga mabao manne, na lingeingia moja tu zaidi zingeongezwa dakika. Halikuingia. Hatua iliyofuata Artmedia na Partizan ya Belgrade hazikufungana nyumbani wala ugenini, na Waslovakia wakapita kwa mikwaju ya penalti. Hivyo ndivyo timu ya mtaani ilivyoingia hatua ya makundi, pamoja na Inter Milan, Rangers na Porto iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka mmoja tu nyuma.

Siku ya kukumbukwa zaidi ni ile ya Porto. Wenyeji walikuwa mbele 2-0 kipindi cha kwanza kikielekea mwisho, kisha Artmedia ikarudisha moja kabla ya mapumziko, ikasawazisha na ikaongeza la tatu. Bao la kusawazisha lilifungwa na Ján Kozák, mtoto wa Ján Kozák aliyekuwa kiungo wa Chekoslovakia na baadaye kocha wa timu ya taifa ya Slovakia. Soka la nchi ile ni la familia chache zinazojuana. Artmedia ilimaliza kundi ya tatu ikiwa na pointi 6, moja nyuma ya Rangers na moja mbele ya Porto. Kwa kikosi kisicho na jina hata moja lililojulikana nje ya nchi, hizo si pointi haba.

Weiss alijaribu bahati Urusi katika klabu ya Saturn, akarudi Petržalka na kutwaa ligi na kombe kwa pamoja 2008. Kiangazi cha mwaka huo akakabidhiwa timu ya taifa. Slovakia ilikuwa haijawahi kucheza fainali yoyote kubwa tangu iwe nchi huru. Katika kundi la kufuzu Kombe la Dunia la 2010 ilikuwa na Jamhuri ya Cheki, Poland, Slovenia, Ireland ya Kaskazini na San Marino. Iliwafunga Wacheki 2-1 mjini Prague, ushindi wenye ladha ya pekee kwa watu waliokuwa wakihesabiwa kama ndugu wadogo. Lakini Slovenia iliwafunga nyumbani na ugenini, na kila kitu kikasubiri mechi ya mwisho huko Chorzów, Poland, Oktoba 2009. Theluji ilikuwa imefunika uwanja. Dakika ya tatu beki wa Poland, Seweryn Gancarczyk, akajifunga. Slovakia ikalilinda bao hilo la kuokota hadi kipenga cha mwisho, ikaongoza kundi.

Afrika Kusini ilianza vibaya. New Zealand ilisawazisha dakika za nyongeza mjini Rustenburg, 1-1, kisha Paraguay ikashinda 2-0 mjini Bloemfontein. Kwa hiyo tarehe 24 Juni 2010, katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Weiss alihitaji kumfunga bingwa mtetezi, Italia. Alipanga upya kikosi, na miongoni mwa waliokaa benchi alikuwa mwanawe, aliyekuwa ameanza mechi mbili zilizotangulia. Uamuzi huo ungeweza kumletea maneno nyumbani na magazetini, lakini kazi yake ilikuwa kutafuta kilichokosekana.

Robert Vittek alifunga dakika ya 25 na ya 73. Antonio Di Natale akairudishia Italia moja dakika ya 81, na uwanja ukaanza kuwaka. Dakika ya 87 Weiss akamwingiza Kamil Kopúnek. Mpira wa kwanza alioupata ulitokana na mpira wa kurushwa kutoka pembeni. Aliukimbilia nyuma ya mabeki na kuuinua juu ya kipa. Fabio Quagliarella alifunga bao zuri katika dakika za nyongeza, lakini matokeo yalibaki 3-2. Italia ilimaliza mkiani mwa kundi, na Slovakia ikaenda Durban kukutana na Uholanzi, ikafungwa 2-1. Vittek aliondoka na mabao manne.

Mshuko ulikuja haraka. Katika kufuzu Euro 2012 Slovakia iliifunga Urusi 1-0 huko Moscow, halafu ikachapwa na Armenia 3-1 ugenini na 4-0 nyumbani Žilina. Ilimaliza ya nne, na mwanzoni mwa 2012 Weiss akaondoka. Anayemfuatilia tangu Celtic hatashangaa: timu zake zimekuwa na tabia ya kumwangusha mkubwa, kisha kujikwaa kwa asiyetarajiwa.

Baada ya kipindi kifupi Slovan Bratislava, alikwenda Kazakhstan kuifundisha Kairat ya Almaty, akashinda Kombe la Kazakhstan 2014 na 2015. Georgia ilimchukua 2016. Mwanzo ulikuwa mgumu, kwani kundi zima la kufuzu Kombe la Dunia la 2018 lilipita bila ushindi. Hata hivyo daraja la chini kabisa la Ligi ya Mataifa lilimpa nafasi nyingine: Georgia ilishinda mechi tano kati ya sita na kupata tiketi ya mchujo wa Euro 2020. Iliitoa Belarus 1-0. Tarehe 12 Novemba 2020 mjini Tbilisi, katika uwanja usio na mashabiki kwa sababu ya korona, Goran Pandev wa Masedonia Kaskazini alifunga bao pekee la fainali ya mchujo huo. Georgia ilikuja kufuzu Euro 2024 kwa njia hiyohiyo ya mchujo, lakini kwa kocha mwingine, Willy Sagnol.

Weiss alirejea Slovan 2021. Safari hii hakuwa na mnyonge mikononi: Slovan ndiyo klabu kubwa kuliko zote nchini, bingwa wa Kombe la Washindi la Ulaya 1969, na ilikuwa imezoea ubingwa wa ligi kabla yake. Alichukua ubingwa 2022, 2023 na 2024. Agosti 2024 akaifikisha klabu hiyo hatua kuu ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza, baada ya kupita mizunguko minne ya mchujo. Mpinzani wa kwanza alikuwa Celtic, Glasgow, miaka kumi na tisa baada ya yale mabao matano ya Petržalka. Safari hii matano yalikwenda upande wa pili, 5-1. Mechi nane zote zikapotea, ikiwemo ya Milan iliyoisha 3-2 Bratislava. Mabao 27 ya kufungwa, 7 ya kufunga, nafasi ya 35 kati ya 36. Msimu huohuo Slovan ilitwaa ubingwa wa Slovakia, wa saba mfululizo kwa klabu na wa nne kwa Weiss tangu arejee.