Nilivyotengeneza video bubu!

Wiki hii nina kisa changu mwenyewe, na kama na wewe ni mtu wa kurusha video mtandaoni, soma mpaka mwisho.

Dada mmoja wa saluni hapa mtaani alinipa kazi ya kumtangazia mitindo yake ya kusuka. Mshiko shilingi 60,000, nusu mkononi. Nikapiga picha, nikaunganisha, nikabandika kibao kinachotamba kwenye madaladala. Jamani, ilipendeza! Nikairusha usiku. Asubuhi simu ikalia: "Mdogo wangu, nimekulipa uniletee video bubu?" Kufungua, wateja wanacheka, mikono inasuka, sauti hakuna.

Kijiweni tulikuwa tunadanganyana kwamba ukitumia sekunde kumi hushikwi, au ukiandika "wimbo si wangu" umesalimika. Uongo mtupu! Kukiri kwamba kitu si chako si ruhusa ya kukichukua. Hata ukiununua wimbo, umenunua kusikiliza tu. YouTube wana mtambo wa Content ID tangu 2007, unaolinganisha sauti ya video yako na nyimbo zilizosajiliwa na wenyewe. Ukinaswa, mwenye wimbo anaweza kuifungia video, au akaiacha na fedha za matangazo akala yeye. Akipeleka malalamiko rasmi unapewa onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli nzima.

Sasa wa halali utaupata wapi? YouTube hao hao walifungua maktaba yao ya muziki, Audio Library, mwaka 2013, na ni bure. Zipo pia nyimbo zenye leseni za Creative Commons, ila soma herufi zake vizuri. BY maana yake mtaje mwenyewe. NC, marufuku biashara, kwa hiyo tangazo la saluni halimo. ND, usibadilishe, na kuubandika wimbo kwenye video kunahesabiwa ni kubadilisha. Ukipenda mambo ya Beethoven, alikufa 1827, tuni zake ni za wote. Lakini bendi iliyozirekodi juzi ina haki zake.

Mimi nilimfuata mshikaji mmoja mpiga gitaa. Tukapatana 20,000, tukaandika karatasi: tuni gani, video gani, mtandaoni, kwa muda gani, na sahihi zetu wote wawili. Wakati wa kusaini akacheka kidogo. Akasema miaka yote watu wanamrekodi kwa simu maharusini na kurusha, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza bei.

Niliona aibu, maana kumbe na mimi nilikuwa mmoja wao.

Dada alinimalizia chake, nikabaki na 40,000. Si haba. Video inasikika mpaka leo, na jina la mpiga gitaa lipo chini yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.