Kompyuta Mpya na Mbegu Yake

Fedha za mnada wa korosho zikiingia, huku kwetu Masasi na kule juu Newala watu hununua vitu. Zamani ilikuwa bati na baisikeli. Siku hizi wazazi wengi hununua kompyuta, kwa kuwa kijana anakwenda chuo cha ualimu, au binti anataka kufungua steshenari ya kuchapa barua. Si vibaya. Lakini nataka nikuulize wewe uliyenunua: siku ile ulipofungua boksi, ulikuta nini ndani? Ulikuta kompyuta, waya zake, na kijitabu chenye maandishi madogo. CD hukukuta. Habari yangu ya leo ni juu ya hiyo CD ambayo hukuikuta.

Kompyuta isiyo na mfumo wa kuiendesha ni sanduku tu. Katika kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu mfumo huo ni Windows, kazi ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kama kompyuta yako ilitoka kiwandani ikiwa na Windows, basi bei ya Windows ilikuwamo katika bei uliyolipa, na haki ya kuitumia ni yako. Hapo zamani, mathalan enzi za Windows XP iliyotoka mwaka 2001, kompyuta nyingi zilikuja pamoja na CD ya kurudishia mfumo ukiharibika. Baadaye watengenezaji wengi wakaacha kuitoa. Nakala ya mfumo wakaificha katika sehemu ya diski ile ile iliyomo ndani ya kompyuta. Baadhi yao walimwambia mnunuzi achome DVD zake mwenyewe mara anapoiwasha, tena waliruhusu mara moja tu. Ni nani kati yetu aliyesoma maelezo hayo? Na leo kompyuta nyingi hazina hata tundu la kutia CD.

Wewe mkulima utaliona kosa mara moja. Mama zetu hawaweki mbegu pamoja na chakula. Huchagua mahindi mazuri, huyaacha na maganda yake, huyafunga mawili mawili na kuyatundika juu ya jiko ili moshi uyapate. Ghala likiingia wadudu, mbegu ipo. Sasa hawa mabwana wa kompyuta wameiweka mbegu ndani ya ghala lenyewe. Mfumo ukichafuka kidogo, nakala ile iliyofichwa yaweza kukusaidia. Diski ikifa, nakala nayo imekufa.

Mimi nimejifunza jambo hili kwa hasara. Ofisi yetu ya parokia hapa Lisekese ilipata kompyuta ya mezani, mpya kabisa. Nami, karani wake, nikaanza kuchapa orodha ya waliobatizwa kutoka katika vitabu vya zamani, vile ambavyo wino wake unafifia, ili mtu akija kutafuta cheti cha ndoa nisipekue kurasa nusu siku. Kila jioni nilichapa ukurasa mmoja au miwili. Mwezi wa tano wa kazi hiyo, wakati wa masika, umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi. Asubuhi moja nikabonyeza kitufe, kioo kikabaki cheusi. Nikaipeleka kwa fundi.

“Karani, diski imekufa,” akasema. “Nitakutilia mpya. CD yako ya Windows iko wapi?”

“CD gani?”

Akacheka. “Basi nitakupigia Windows yangu.”

Nami nikakubali, kwa kuwa Baba Paroko alikuwa akiingoja orodha ya Kipaimara. Kumbe ile Windows ya fundi ilikuwa ya kuazima, na namba yake imetumika kwa watu wengi. Baada ya majuma machache yakatokea maneno pembeni mwa kioo kunidai namba halali. Tena ilikuja na wadudu wa kompyuta, kila flashi niliyoichomeka ikachafuka. Nikamchafulia na mwalimu mmoja flashi yenye mitihani yake. Aibu niliyoipata nitaikumbuka.

Laiti ningalijua kwamba haki yangu ilikuwamo ndani ya kompyuta siku zote! Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji huiandika namba ya Windows katika bodi kuu ya kompyuta, si katika diski. Diski mpya haiiondoi. Rafiki yangu wa mjini Masasi alipakua Windows halali kutoka kwa Microsoft wenyewe, bure, akaitia katika flashi. Tuliipiga upya, aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na nilipoiunganisha na intaneti ya simu ikajitambua yenyewe. Haikuniuliza namba wala shilingi. Orodha ya ubatizo haikurudi. Vitabu vyenyewe vipo salama, ashukuriwe Mungu, nami nimeanza tena ukurasa wa kwanza.

Haya, wewe ufanyeje? Nunua flashi mpya, ya GB 16 au zaidi. Mimi nakushauri GB 32. Usichukue yenye picha za arusi, kwa maana kazi hii hufuta yote yaliyomo. Chomeka kompyuta katika umeme, iwashe, na pale pa kutafutia uandike Recovery Drive. Itakuja programu yenye jina hilo. Humo kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama wataka kuweka na mafaili ya mfumo. Kitie alama ya vema, wala usikiruke, maana bila hiyo flashi haitaweza kurudisha Windows nzima. Kisha ngoja. Yaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na hapana haja ya bando. Fanya siku ile ile unapoinunua, kompyuta ikiwa nzima.

Kama umekwisha kuchelewa, bado kuna njia. Kwa kompyuta ya rafiki unaweza kupakua Windows kama nilivyopakuliwa mimi, katika flashi ya GB 8 au zaidi. Dell, HP na Lenovo nao hutoa bure nakala za mfumo kwa kompyuta zao nyingi, ukiwapa namba iliyobandikwa juu ya kompyuta yako. Lakini njia hizi hula GB nyingi, na kwa bando la simu ni fedha za gunia. Aliye na kompyuta ya mtumba yenye Windows 10 ajue pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Liko jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi dukani. Kompyuta nyingi mpya hujifunga kwa kufuli la ndani, mwizi akiiba diski asisome kitu. Ufunguo wake ni namba yenye tarakimu 48, nao hutunzwa katika akaunti ya barua pepe iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Sasa muuzaji, kwa wema wake, anakuwashia kwa barua pepe yake mwenyewe! Siku kompyuta inapodai tarakimu hizo, ufunguo wa nyumba yako uko kwa mtu mwingine, na labda amekwisha kuhama. Mwambie akuache uwashe kwa barua pepe ya mwanao, kisha zinakilini zile tarakimu kwa kalamu. Tarehe 19 Julai 2024, kosa moja katika programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani kwa siku moja, hata ndege nyingi hazikuruka. Mafundi walizipitia nyingi moja moja, na penye kufuli waliulizwa tarakimu hizo hizo.

Angalia tena: flashi ya mfumo haitunzi barua zako, wala hesabu za duka, wala picha. Hizo zinataka flashi yao nyingine, na kila Jumamosi mimi hunakili kazi yangu kabla ya kufunga ofisi.

Flashi ya mfumo ya parokia imo ndani ya bahasha, nje nimeandika jina la kompyuta na tarehe, pamoja na tarakimu zile 48. Bahasha imo katika kabati la chuma, chini ya kitabu cha kwanza cha ubatizo. Ufunguo wa kabati anao Baba Paroko.