Mtoro asiyekimbilia mpaka

Basi lilikuwa limeiacha Kahama, taa zimezimwa, nusu ya abiria wamelala. Kwenye runinga juu ya dereva, basi jingine, la magereza, likapinduka na kuishia juu ya reli huku treni ikija. Waliolala wakaamka wote.

Ilikuwa The Fugitive, filamu ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Andrew Davis. Treni ile ni ya kweli, si picha za kompyuta, na labda ndiyo sababu bado inaamsha watu. Harrison Ford ni Dk. Richard Kimble, bingwa wa upasuaji jijini Chicago, Marekani. Anarudi nyumbani usiku, anapambana na mtu mwenye mkono wa bandia, na anamkuta mkewe anakata roho. Polisi hawamwamini. Mlango haukuvunjwa, alama za vidole ni zake, mke alikuwa na mali. Tena, katika simu ya kuomba msaada, marehemu alitaja jina la mumewe. Alikuwa akimwita, mahakama ikasikia anamshtaki. Hukumu ikawa kifo.

Aliyewahi kusimama mbele ya ofisa akiwa na karatasi zote halali, bado akaambiwa mzigo wake ni wa magendo, anaijua hali hiyo ya kusema kweli bila kusikika.

Ajali inampa Kimble nafasi ya kutoroka. Ungetegemea aelekee Kanada au Meksiko. Hapana, anarudi Chicago, mji uleule uliomhukumu, kwa kuwa ushahidi uko huko. Anaingia hospitali ya Cook County kama mfanya usafi, na kitambulisho cha kughushi, akitafuta orodha ya waliowekewa mikono ya bandia. Humo humo anamwona mtoto aliyeumia ambaye madaktari hawajagundua tatizo lake. Anabadilisha maelekezo kwenye karatasi, anampeleka chumba cha upasuaji, na karibu akamatwe kwa wema huo.

Anachokuja kugundua ni biashara. Kampuni ya dawa ilitaka kuingiza sokoni dawa inayoharibu ini, sampuli zikabadilishwa ili ionekane salama, na nyuma ya mpango huo yuko daktari rafiki yake. Wanaopeleka sampuli za unga na mafuta kupimwa hawahitaji kufafanuliwa.

Anayemwinda ni Samuel Gerard, aliyechezwa na Tommy Lee Jones, akapata Oscar kwa kazi hiyo. Kimble anapomwambia hakumuua mkewe, Gerard anajibu kuwa hilo halimhusu. Wengi huuona ukatili. Mimi naona mtu anayeijua mipaka ya kazi yake, ambaye hata hivyo baadaye anafungua faili na kulisoma. Hapo ndipo filamu inapogeuka.

Kisa ni cha kubuni, lakini Illinois, jimbo la Chicago, si la kubuni. Januari 2000 gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo baada ya hesabu ya kutisha: tangu 1977 jimbo lilikuwa limewaua wafungwa 12, na wengine 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wameachiwa baada ya hatia zao kutenguliwa. Hawakuokolewa na mbio. Baadhi yao walifunguliwa mlango na mawakili, waandishi wa habari na wanafunzi wa chuo kikuu waliorudia mafaili ukurasa kwa ukurasa. Jimbo lilifuta adhabu hiyo mwaka 2011.

Tulifika Rusumo filamu haijaisha. Konda akazima, tukashuka na vitambulisho mkononi. Kwenye foleni, mama mmoja wa vitenge akaniuliza:

“Mwanangu, yule daktari alipona?”

“Alipona, mama.”

“Na yule askari alimwomba radhi?”

Nikakumbuka mwisho. Hakumwomba. Walipokuwa ndani ya gari alimfungua pingu, akampa barafu ya kukanda mikono.