Kutoka Kalokol mpaka Kakuma: Vile utaokoa zaidi ya thao mbili kila muhula kwa vitafunio vya mtoi

Wasee, leo tuongee ukweli kuhusu ganji. Kama uko Lodwar, Kakuma ama kule Kalokol, na kuna mtoi unampakia kitu ya kubeba shule kila asubuhi, awe wako, wa siz ama wa bro, unajua vile doh huisha kimyakimya. Si karo inakumaliza. Ni ile mbao ya krispi na mbao ya jusi, kila siku, bila wewe kushtuka.

Piga hesabu na mimi. Krispi 20, jusi 20, hiyo ni 40 kwa mtoi mmoja. Wakiwa wawili ni 80 kwa siku, 400 kwa wiki. Muhula ukiwa na wiki 12, umelipa 4,800. Na hapo bado hawajashiba.

Sababu ya hizo vitu kuwa ghali huku haijifichi. Vitu nyingi za pakiti hutoka Kitale, na kutoka huko mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300. Wa Kakuma anaongeza kama 120 zingine. Mafuta ya lori, mzigo wa dereva na faida ya kila mtu aliyeshika hiyo katoni, yote yako kwa hiyo pakiti ya krispi. Ukifungua, nusu ni hewa. Kwa hivyo mtoi wako anakula hewa iliyopanda lori.

Sasa usikimbilie jikoni kwanza, utachomeka vile nilichomeka mimi.

Vile niliangukia pua

Niliacha kampo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikarudi kukaa na siz Lodwar. Nikapewa kazi moja: kupakia watoto wake wawili chakula cha shule. Nikajiona mpishi. Nikakaanga mandazi ya maziwa, laini kama mto, nikafunga kwa kontena yakiwa bado moto, nikawatuma shule. Jioni kijana akarudi na kontena imejaa. Alifungua mbele yangu, harufu ikatoka kwanza. Akaniambia, "Anko, hata nilijaribu kubadilishana na biskuti, wakakataa."

Hiyo siku nilipoteza unga, maziwa, mafuta na makaa, na bado siz akatoa 80 kesho yake. Kosa halikuwa kupika nyumbani. Kosa lilikuwa kupika kitu laini kwa mji wenye jua kama hili.

Ghuba ya Ferguson ilishatufundisha

Ukienda Kalokol utaonyeshwa kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway, kikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hapo karibu na Ghuba ya Ferguson. Mpango ulikuwa samaki wa Ziwa Turkana wagandishwe, wauzwe mbali. Kikafanya kazi muda mfupi tu, kikafungwa. Kuendesha friji na kupata maji safi jangwani kulikuwa ghali kuliko faida ya samaki wenyewe. Katikati ya hiyo miaka ya 80, ziwa likashuka na ghuba yenyewe ikakauka.

Lakini biashara ya samaki haikufa. Mpaka leo ukivuka kwenda Longech utaona samaki wamepasuliwa, wametiwa chumvi, wameanikwa juani. Jua halitumi bili.

Na hiyo akili ni ya zamani kuliko kiwanda. Mama wa Kiturkana alikuwa anakausha maziwa mpaka yawe unga, yanaitwa edodo, ndio watoto wawe na kitu wakati wa kiangazi. Hakuwa na friji na hakuihitaji.

Basi sheria ya kitafunio cha huku ni moja: kiwe kikavu. Kitu kikavu kinapikwa mara moja, kinakaa, na makaa unachoma siku moja badala ya tano. Hapo ndio pesa inaokolewa. Ukiwasha jiko kila asubuhi kwa sababu ya mandazi manne, hujaokoa chochote, umehamisha tu pesa kutoka kwa duka kwenda kwa muuza makaa.

1. Kashata ya njugu

Chukua njugu karanga nusu kilo na sukari robo kilo. Kaanga njugu bila mafuta mpaka ziive, zipoe, ziparuze maganda yatoke. Weka sukari kwa sufuria kavu, moto mdogo, ikoroge mpaka iyeyuke na iwe rangi ya chai ya rangi. Mimina njugu ndani, koroga haraka, mwaga kwa sinia iliyopakwa mafuta, lainisha na mwiko, kata ikiwa bado moto. Ikishika, hata panga itakataa. Hiyo sukari inachoma vibaya, kwa hivyo watoi wakae mbali na jiko.

Utapata kama vipande 30. Ukiwa Kakuma, pitia sokoni utafute simsim, uibadilishe na nusu ya njugu. Inatoka tamu zaidi.

2. Visheti vya chumvi

Watu wa Pwani hupika visheti vya sukari. Sisi tunageuza. Unga wa ngano nusu kilo, mafuta vijiko vinne vikubwa, chumvi nusu kijiko kidogo na binzari nyembamba kidogo. Usiweke maziwa, mayai wala hamira. Changanya, kanda na maji kidogo mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati. Sukuma nyembamba, kata vipande vidogo kama almasi, kaanga kwa moto wa wastani mpaka vikauke ndani. Vikilia kama krispi ukivunja, viko fiti.

Kama uko karibu na ziwa na unapata samaki mkavu poa, mkaange tena mpaka akatike, ondoa kila mfupa, mtwange awe unga, weka vijiko viwili kwa donge. Hapo punguza chumvi, samaki ameshabeba yake.

Nusu kilo inatoa mafungu kama 20 ya kujaza kiganja cha mtoi.

3. Mkoma na ukwaju

Mkoma, ule mti Waturkana huuita eengol, unazaa tunda ambalo watoto wa huku wamekuwa wakilitafuna tangu zamani. Ile nyama ya nje ndio tamu, kokwa ni gumu kama jiwe, kwa hivyo mtoi mdogo mmenyee kwanza. Ukwaju nao unauloweka kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, unachuja, unaweka sukari kidogo, unaweka kwa chupa. Tengeneza asubuhi ileile, usilaze.

Sasa hesabu ya mwisho

Hizi bei ni za mfano. Toa hizi, weka za duka lako.

Kashata: njugu 130, sukari 45, makaa 30. Jumla 205, gawa kwa 30, kila kipande ni kama 7.

Visheti: unga 45, mafuta na viungo 80, makaa 40. Jumla 165, gawa kwa 20, kila fungu ni 8 na kitu.

Watoi wawili, siku tano, kila mmoja kipande kimoja na fungu moja: kama 150. Ongeza 30 ya ukwaju wa wiki nzima, ni 180. Ulikuwa unatoa 400. Umebaki na 220 kwa wiki, na kwa wiki 12 hiyo ni 2,640. Tena kashata ya siku moja inawapeleka wiki tatu, na visheti wiki mbili.

Usiruke hizi

Njugu yenye ukungu, iliyokunjamana ama yenye uchungu, tupa. Usiseme utakaanga iishe. Sumukuvu haitoki kwa moto wa jikoni, na inaumiza ini.

Mtoi wa chini ya miaka mitano usimpe njugu nzima, inaweza kumkaba. Zisage kwanza.

Uliza mwalimu kama shule inaruhusu vitafunio vya kutoka nyumbani, na kama kuna mtoto darasani ambaye njugu humdhuru. Watoi hugawana, huwezi kuwazuia.

Kila kitu kipoe kabisa kabla ya kufunga kontena. Mvuke ndio uliniangusha mimi.

Kashata ni sukari, kipande kimoja kinatosha. Na hivi ni vya breki, havichukui nafasi ya githeri ama ugali na samaki.

Na mtoi akikataa?

Hii ndio watu husahau. Mtoto anaweza kuona aibu wenzake wakitoa pakiti inayong'aa na yeye anatoa kitu ya nyumbani. Usimkaripie. Mwite Jumapili akate visheti mwenyewe, akate nyota, herufi ya jina lake, chochote. Kijana wa siz alikata mipira na kiatu kimoja kibovu sana. Jumatatu akapeleka, Jumanne akaniomba nimwekee nyingi zaidi kwa sababu deski yote ilikuwa inataka. Sasa shida yangu ni nyingine, lakini hiyo naweza.

Mwisho kabisa, ile 220 itoe kwa mfuko Jumapili hiyohiyo. Itume kwa chama ama ifungie kwa akiba ya simu. Ukiiacha ikae, itageuka bando na utasema kupika nyumbani hakuokoi. Muhula ukiisha, 2,640 ni viatu vya shule na vitabu kadhaa, na umezipata bila kuongezwa mshahara na mtu yeyote.

Anza na njugu nusu kilo tu, wikendi hii. Ikikubali, ongeza.