Mitindo ya Kujifunza: Dai na Ushahidi

Hudaiwa kwamba mwanafunzi huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio. Basi kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2004, Frank Coffield na wenzake, nchini Uingereza, walitambua nadharia 71 za namna hiyo. Lakini wingi si ushahidi. Mwaka 2008, Harold Pashler na wenzake watatu, nchini Marekani, walieleza kipimo: wanafunzi wa kila mtindo wagawanywe kwa kura, wafundishwe kwa njia tofauti, kisha wafanye mtihani mmoja. Dai huthibitika endapo njia iwafaayo zaidi hawa siyo iwafaayo zaidi wale. Tafiti zilizofuata kipimo hicho zilikuwa chache mno, na kadhaa kati yake zilipingana na dai. Kwa hiyo mwalimu asimnyime mtoto kitabu kwa kumwita “mtu wa masikio”. Ramani hutaka macho, matamshi hutaka masikio: somo ndilo lichagualo njia.