Ugwe Mgongo na Siri ya Hatua Zetu

Kila aliyewahi kuchinja kuku amemwona akitimua mbio uani ilhali kichwa kimekwisha kukatwa. Sababu ni kwamba mpangilio wa hatua hautungwi kichwani. Hutungwa na seli za neva zilizomo katika ugwe mgongo. (Tunawakumbusha wanafunzi wetu kuwa uti wa mgongo ni mifupa, ugwe ni ile kamba laini ipitayo ndani yake.)

Mwaka 1911 Thomas Graham Brown wa Uingereza alimkata paka ugwe mgongo, akakata pia neva ziletazo habari kutoka miguuni. Hata hivyo, misuli ya kukunja mguu na ile ya kuunyoosha iliendelea kupokezana, kana kwamba paka anatembea.

Je, ni seli zipi hasa zifanyazo kazi hiyo? Hapa ndipo penye ugumu. Kuona seli ikichangamka wakati mguu unakwenda hakutoshi, kwani mlinzi anayefungua lango gari linapopita siye dereva. Kwa hiyo watafiti huzima kundi moja tu la seli, kisha hutazama mwendo umeharibika vipi.

Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, nchini Uswidi, walifanya hivyo kwa kundi liitwalo V0, ambalo nyuzi zake huvuka kutoka upande mmoja wa ugwe kwenda wa pili. Panya waliokosa kundi zima walirukaruka kama sungura, miguu ya kushoto na ya kulia ikienda pamoja. Walipokosa seli za kutuliza peke yake, kupokezana kwa kushoto na kulia kulipotea katika mwendo wa polepole. Walipokosa zile za kuchochea, kupokezana huko kulipotea katika mwendo wa kasi zaidi.

Lililotushangaza zaidi ni la mwaka 2022. Huko Lausanne, Uswisi, kikundi cha Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch kiliwasaidia watu 9 waliopooza kwa kuumia ugwe mgongo, kwa kuuchochea ugwe huo kwa umeme pamoja na mazoezi. Wote walipata nafuu katika kutembea. Kisha, kwa kutumia panya, wakatambua kundi la seli linalohusika na nafuu hiyo. Seli hizo zilipozimwa katika panya mzima, alitembea kama kawaida. Zilipozimwa katika panya aliyejeruhiwa, hakuweza kurudia kutembea.