Makumi na Mamoja Mikononi mwa Mtoto

Mwalimu wa darasa la kwanza akitamka "kumi na tatu" na kuwataka watoto waandike, aghalabu hakosi kumwona mmoja aliyeandika 103. Na kabla hajaitia kalamu nyekundu, yampasa atafakari kwamba mtoto huyo ameandika kwa uaminifu alichokisikia, kumi kwanza kisha tatu, kwa kuwa hajapata kuonyeshwa kwamba katika tarakimu zetu, kumi hujulikana kwa mahali pake tu.

Hekima hiyo ilianza kwa Wahindi, al-Khwarizmi wa Baghdad akaiandikia kitabu katika karne ya 9, na Leonardo wa Pisa akawafunulia wafanyabiashara wa Ulaya mwaka 1202. Nao, japo walikuwa watu wazima wenye mizani na daftari, hawakuikubali wote mara moja. Basi si insafu kumtaka mtoto wa miaka sita aimeze kwa juma moja.

Apewe njiti za fagio la chelewa, tuseme 34, azihesabu kwanza moja moja mpaka achoke na kupotewa, maana uchovu huo ndio utakaomtia haja ya kutafuta njia nyingine; kisha aambiwe kila zitimiapo kumi azifunge kwa ukindu, mafungu ayalaze kushoto na njiti zilizosalia kulia, na hapo ndipo iandikwe 3 chini ya mafungu na 4 chini ya njiti. Afunge kwa mkono wake mwenyewe, kwani fungu lililofungwa na mwalimu ni kwake kitu kimoja tu, ilhali alilolifunga yeye anajua kumi zimo ndani. Kwa sababu iyo hiyo sarafu ya shilingi kumi, ambayo wengi huisifu kuwa kifaa bora, mimi huiweka nyuma: haifunguki, na thamani yake mtoto huisadiki tu.

Fauka ya hayo, thelathini na arobaini hazimwambii mtoto idadi ya makumi yaliyomo. Si vibaya basi kwa miezi ya mwanzo 34 isomwe "makumi matatu na mamoja manne", kisha papo hapo "thelathini na nne".

Atakaye ithibati ya kuelewa amwekee mtoto vifuniko 16 vya soda, aandike 16, amwulize 6 ni vipi katika hivyo. Ataonyesha sita bila taabu. Akiulizwa juu ya ile 1, wengi huonyesha kifuniko kimoja, na tisa vikabaki bila mwenyewe. Jaribio hili, lililopata umaarufu kwa maandishi ya Constance Kamii, hufichua mengi kuliko ukurasa mzima wa majibu sahihi.

Kutoa ndiko kuzito zaidi. Katika 52 kutoa 27, mtoto aliyekaririshwa safu huondoa ndogo katika kubwa, mbili katika saba, akapata 35 na kuridhika. Mwenye mafungu huona kwamba njiti mbili hazitoshi saba, akafungua fungu moja, akapata kumi na mbili, akaondoa saba na kubakiwa na tano. Kisha katika mafungu manne yaliyosalia akaondoa mawili, ikawa 25. Afanye hivyo mpaka siku atakapotamka jibu kabla hajaugusa ukindu. Njiti zisiondolewe kabla ya hapo, hata muhtasari ukimhimiza mwalimu vinginevyo.